Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu "Neither Fish Nor Flesh", Albamu ya Pili ya Terence Trent D'Arby

Albamu hii ilitoka Oktoba 1989, na tangu hapo wapenzi wa soul na funk hawajakubaliana kuihusu. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudiwa zaidi, kuanzia ya mtu asiyemjua kabisa mwimbaji huyu hadi ya yule anayebishania idadi ya albamu zake. Msomaji anayetaka tu kujua aanze kusikiliza wapi anaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

Terence Trent D'Arby ni nani?

Ni mwimbaji, mtunzi na mpiga ala nyingi aliyezaliwa New York tarehe 15 Machi 1962 na kukulia DeLand, Florida, katika nyumba ya Kipentekoste ambamo baba wa kambo alikuwa mchungaji na mama alikuwa mwimbaji wa injili. Kabla ya kujulikana kwa muziki alikuwa bondia wa ridhaa, akatwaa taji la Golden Gloves huko Orlando mwaka 1980, kisha akajiunga na jeshi la Marekani na kupelekwa Ujerumani Magharibi, karibu na Frankfurt. Mwaka 1983 alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kufukuzwa baada ya kutoroka kambini.

Ujerumani huko huko aliimba na bendi ya funk iliyoitwa The Touch, halafu akahamia London, na huko ndiko alikosainishwa na kampuni ya CBS. Safari hiyo ina uzito katika habari ya albamu ya pili, kwa kuwa huyu alikuwa Mmarekani mweusi mwenye sauti ya kanisani na mkwaruzo wa soul ya miaka ya 1960, lakini jina lake lilijengwa na magazeti, redio na televisheni za Uingereza. Nyumbani kwao aliingia kama mgeni aliyekwisha kuwa nyota kwingine.

Sananda Maitreya ni mtu mwingine?

Hapana, ni yeye yule. Alibadili jina kisheria mwaka 2001, na ndilo analotumia mpaka leo. Majibu haya yanatumia jina lililochapwa kwenye jalada la mwaka 1989 kwa sababu ndilo lililosifiwa na kushambuliwa wakati ule. Sababu za mabadiliko hayo zimeelezwa katika swali la jina jipya, karibu na mwisho.

Albamu yenyewe ina nini?

Ina vipande 12, na jina lake kamili ni Neither Fish Nor Flesh: A Soundtrack of Love, Faith, Hope & Destruction. Jina hilo linatokana na msemo wa Kiingereza kuhusu kitu ambacho si samaki wala si nyama, yaani kitu kisicho na kundi la kukipokea, na kichwa kidogo kinaahidi muziki wa kusindikiza upendo, imani, matumaini na maangamizi. Mwenye albamu aliwapa wapinzani wake silaha mapema, kwa sababu mhakiki yeyote aliyeona kazi haieleweki alikuta lawama yake imekwisha kuandikwa jaladani.

## Albamu ya kwanza na deni lake

Albamu ya kwanza ilifanikiwa kiasi gani?

Ilifanikiwa kwa kiwango ambacho wasanii wachache hukifikia katika maisha yao yote. Introducing the Hardline According to Terence Trent D'Arby ilitoka Julai 1987, ikashika nafasi ya kwanza Uingereza kwa jumla ya wiki tisa na kufika nafasi ya 4 Marekani. Wimbo wa "Wishing Well", alioutunga pamoja na mpiga besi Sean Oliver, uliongoza chati ya Marekani Mei 1988, na "Sign Your Name" ukafika nafasi ya 2 Uingereza na ya 4 Marekani. Tuzo nazo zilifuata: Brit ya msanii chipukizi wa kimataifa mwaka 1988, na Grammy ya uimbaji bora wa kiume wa R&B mwaka uliofuata.

Jambo ambalo takwimu hazilionyeshi ni jinsi albamu ile ilivyokuwa imepangwa. Martyn Ware wa bendi ya Uingereza Heaven 17, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameshiriki kumrudisha Tina Turner kwenye chati kupitia "Let's Stay Together", alisaidia kuitayarisha kwa mkono wa mtu anayejua redio inataka nini. Kiitikio kilikuja mapema, ngoma zilikuwa kavu na safi, na sauti ilisimama mbele ya kila kitu. D'Arby angeweza kupiga kelele, kunong'ona au kulia kama alivyotaka, lakini wimbo uliomzunguka haukupotea njia.

Ni kweli alisema albamu yake ni kubwa tangu ile ya Beatles?

Ni kweli. Aliwaambia waandishi kwamba albamu yake ya kwanza ndiyo muhimu zaidi tangu Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya mwaka 1967, na hakusema hivyo mara moja kisha akanyamaza, maana majigambo yalikuwa sehemu ya mavazi yake kama zilivyokuwa nywele zake za rasta na makoti yake. Alikuwa bondia, na mabondia wana desturi ya kumtisha mpinzani kabla ya kengele kulia.

Mwaka 1987 magazeti ya muziki ya London yaliyafurahia maneno hayo, kwa sababu yaliuza nakala. Mwaka 1989 magazeti yale yale yaliyatoa kwenye kabati na kuyatumia kama rula ya kumpimia. Tabia ya vyombo hivyo kumpandisha msanii na kumshusha kwa mkono ule ule ilikuwa inajulikana, na D'Arby alikuwa amewarahisishia kazi. Albamu ya pili ya mtu mnyenyekevu ingesamehewa udhaifu fulani. Ya mtu aliyejiweka meza moja na Beatles ilibidi ama iwe ya ajabu, ama ichekwe.

Je, haya si yale yale yanayowapata wasanii wote katika albamu ya pili?

Kwa sehemu tu. Msanii hupewa miaka 20 ya maisha kuandika albamu ya kwanza na miezi kadhaa kuandika ya pili, huku hotelini na ndani ya ndege, na shida hiyo haina upendeleo. Hata hivyo, wengi hukwama kwa kurudia kilichowapa pesa hadi kikachuja, ilhali D'Arby alikataa kabisa kurudia. Miaka miwili na miezi mitatu baada ya albamu ya kwanza alileta kazi ambayo haina "Wishing Well" wa pili wala haijaribu kuwa naye. Linganisha na D'Angelo, aliyetoa Brown Sugar mwaka 1995 na kuwaacha watu wakisubiri hadi Januari 2000 ndipo Voodoo ikatoka. Yule naye alibadilika sana, lakini kungoja kwa muda mrefu kuliwaandaa wasikilizaji wapokee kitu tofauti, na ukimya wake ulimlinda na maneno yake mwenyewe.

## Ndani ya albamu

Nani aliitayarisha?

D'Arby mwenyewe, na hapa ndipo penye kiini cha kila sifa na kila lawama iliyoandikwa baadaye. Aliimba, akaongoza studio, akapiga sehemu kubwa ya ala, na hakukuwa na mtu wa aina ya Ware wa kumwambia kwamba beti moja inatosha au kwamba utangulizi umezidi urefu. Uhuru huo ndio uliozaa mambo ambayo hakuna mtayarishaji wa kibiashara angeyaruhusu, na uhuru huo huo ndio ulioacha ndani mambo ambayo mtayarishaji yeyote mwenye masikio angeyaondoa.

Ni muziki wa aina gani?

Msingi wake ni soul na funk, lakini juu yake kuna roki yenye gitaa chafu, kuna sauti za kuelea za saikedelia (muziki wa kindoto) ya miaka ya 1960, kuna injili ya utotoni mwake, na kuna pop ya furaha. Aina hizo hazichanganywi ndani ya kila wimbo. Hupangwa kwa zamu, wimbo huu upande huu na ule upande wa pili. Kwa sababu hiyo wasikilizaji wawili wanaweza kuieleza albamu hii kana kwamba wanazungumzia kazi za watu wawili.

Kwa nini wengi huizima kabla ya wimbo wa tatu kwisha?

Kwa sababu ya mpangilio wa nyimbo, ambao kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya ndio kosa kubwa kuliko yote. Kipande cha kwanza ni tamko fupi ambalo hata halijawa wimbo. Cha pili, "I Have Faith in These Desolate Times", kinaanza na sauti karibu peke yake, polepole, kama mtu anayeomba katika chumba kitupu, na msikilizaji aliyekuja kutafuta mdundo anaachwa akisubiri. Kisha, pale ambapo masikio yamekwisha kuzoea utulivu, ngoma zinavunja mlango na wimbo unageuka kuwa kitu cha kuchezesha mwili, sauti ile ile ya maombi ikipanda juu ya midundo kana kwamba ibada imehamia barabarani. Ni dakika chache za ujasiri mkubwa, na kwa mtu mwenye subira ni miongoni mwa mambo bora aliyowahi kurekodi.

Baada ya hapo, hata hivyo, mlango unafungwa tena. "It Feels So Good to Love Someone Like You" unaelea polepole, na "To Know Someone Deeply Is to Know Someone Softly" ni wa taratibu pia, ingawa huu wa pili ni wimbo wa mapenzi uliokamilika. Kwa hiyo mtu aliyenunua kaseti kwa sababu ya "Dance Little Sister" wa albamu ya kwanza alilazimika kupita katika robo saa ya tafakari kabla ya kuguswa nyonga. Msanii mwenye jina jipya hawezi kumtendea hivyo mnunuzi, na msanii mwenye jina kubwa hufanya hivyo kwa gharama.

Basi funk iko wapi?

Iko katika nusu ya pili. "This Side of Love" una gitaa lenye kutu na besi inayosukuma, na D'Arby anaimba kwa meno kana kwamba ana ugomvi na kipaza sauti. "Attracted to You" ni wa kuchezeka kwa kasi. "Roly Poly" unapunguza mwendo lakini unabana mdundo, na besi na ngoma zinaachiana nafasi kwa ustadi ambao mpiga funk yeyote anautambua: kinachovutia ni pale wanapopumzika pamoja. "You Will Pay Tomorrow" nao ni wa kupaza sauti kwa namna iliyomlea, ile ya James Brown na wahubiri. Kama nyimbo hizi nne zingetangulia, maswali mengi ya ukurasa huu yasingeulizwa.

"Billy Don't Fall" unazungumzia nini?

Msimulizi anaongea na rafiki yake Billy, ambaye ni shoga, akimsihi asimpende kwa sababu yeye hana mwelekeo huo, na papo hapo akimhakikishia kwamba atasimama upande wake. Mdundo wake ni mwepesi na wa kuchangamsha, karibu wimbo wa watoto kucheza uani, na maneno yake yamebeba jambo ambalo nyota wa kiume wa soul hawakuligusa kwa jina mwaka 1989, katikati ya hofu ya UKIMWI.

Wimbo huu umehukumiwa kwa namna mbili, na zote zina hoja. Wapo waliousifu kwa kumtaja rafiki huyo waziwazi na bila dhihaka, na wapo walioona kwamba msimulizi anajisafisha kwanza kabla ya kumfariji mwenzake. Ukisikiliza kwa makini utaona kwamba ahadi ya kusimama naye inakuja baada ya kukanusha, na si kabla. Hilo linaweza kuwa udhaifu wa mtunzi, au linaweza kuwa picha ya kweli ya jinsi kijana wa miaka ile angeongea. Mwandishi anaegemea upande wa pili.

Je, ni albamu ya kidini?

Ni albamu ya mtoto wa mchungaji aliyegombana na kanisa bila kuliacha. Imani imo katika kichwa kidogo, imo katika wimbo wa pili, na "I Don't Want to Bring Your Gods Down" unarudi kwenye jambo hilo karibu na mwisho. Mahubiri ya moja kwa moja hayamo.

## Mapokezi na mjadala wake

Iliuzwaje na ilifika wapi kwenye chati?

Ilifika nafasi ya 12 Uingereza na ya 61 Marekani. Singo ya kwanza, "This Side of Love", haikuingia katika 40 bora ya Uingereza, na "To Know Someone Deeply Is to Know Someone Softly" uliishia nafasi ya 55 nchini humo mwanzoni mwa 1990. Kwa msanii ambaye kila singo ya albamu yake iliyotangulia iliingia katika 20 bora ya Uingereza, huku ni kuanguka, na hakuna lugha laini ya kulisema.

Namba hizo, lakini, zinahitaji kulinganishwa na kitu. Mwezi mmoja hivi kabla, Lenny Kravitz alitoa Let Love Rule, albamu nyingine ya Mmarekani mweusi anayepiga ala zake mwenyewe na kuchota soul, roki na saikedelia. Nayo ilikomea nafasi ya 61 Marekani. Kwa Kravitz, aliyekuwa akianza, nafasi hiyo ilihesabiwa kuwa msingi wa kujengea. Kwa D'Arby, aliyetoka nafasi ya 4, ilihesabiwa kuwa kaburi. Kila mmoja alipimwa kwa kilichotangulia.

Wahakiki walisema nini hasa?

Waligawanyika, na si sahihi kusema kwamba wote waliiponda. Waliosifu walitaja sauti yake, ambayo hakuna aliyeikana, upana wa muziki, na ukweli kwamba alikataa kuuza tena bidhaa ile ile. Walioponda walitaja kujiona, maneno mazito kuliko hoja iliyobebwa, na nyimbo zinazoonekana kuwa michoro isiyokamilika.

Ukizisoma pande zote mbili kwa utulivu unagundua kwamba mara nyingi zinaelezea sekunde zile zile za muziki. Utangulizi mrefu ambao mmoja anauita ujasiri, mwenzake anauita majivuno. Kuhama kutoka soul ya Kusini mwa Marekani kwenda kwenye roki ambako mmoja anakuita upana, mwenzake anakuita kutojua anachotaka. Hukumu ilitegemea sana kama mhakiki alikuwa tayari kumpa D'Arby imani kabla ya kuweka santuri, na kufikia Oktoba 1989 wengi walikuwa wamechoshwa na mdomo wake. Tazama pia swali la Beatles hapo juu.

Ni kweli kwamba kampuni ndiyo iliyoiua?

D'Arby amelalamika kwa miaka mingi kwamba kampuni haikuisimamia kazi hii, na si vigumu kuona mazingira ya lalamiko hilo. CBS Records ilikuwa imenunuliwa na Sony ya Japani, mauzo yaliyokamilika Januari 1988, na kampuni inayobadili mmiliki hubadili pia watu wanaopigania wasanii ndani ya ofisi. Aidha, albamu isiyo na singo ya wazi ni mzigo kwa idara ya mauzo, hata ikipendwa na kila mtu ofisini.

Mwandishi haamini kwamba hilo linatosha kuwa maelezo yote. Kampuni inaweza kumpeleka mteja dukani, lakini haiwezi kumfanya amsimulie jirani yake. Albamu ya kwanza ilienezwa na watu walioipigia wengine. Ya pili iliwafanya watu waulize kama rafiki yao ameielewa.

Ilikuwa mbele ya wakati wake?

Msemo huu hutumika ovyo, na hapa unafaa nusu tu. Mwaka 1989 redio za muziki mweusi Marekani zilikuwa zimeshikwa na new jack swing (R&B yenye midundo ya hip hop) ya akina Bobby Brown, London ilikuwa ikicheza kundi la Soul II Soul, na De La Soul walikuwa wameonyesha kwa 3 Feet High and Rising kwamba hip hop inaweza kuwa na rangi na mchezo. Katikati ya hayo, albamu ya ala za mikono yenye funk, maombi na gitaa la roki haikuwa na kituo cha redio cha kuipokea. Kwa wazungu wa roki ilikuwa soul; kwa vituo vya R&B ilikuwa roki.

Miaka kadhaa baadaye soko lilifungua nafasi kwa wanamuziki weusi wa namna hiyo, na sikio la leo halishangazwi na mchanganyiko huo. Hata hivyo, kasoro za mpangilio hazijapona kwa kupita miaka. Wimbo uliokuwa haujakamilika mwaka 1989 bado haujakamilika.

Mbona Prince alifanya hivyo hivyo na hakuadhibiwa?

Swali zuri, na watu hulileta kwa haki. Baada ya Purple Rain ya 1984, Prince alitoa Around the World in a Day mwaka 1985, kazi ya rangi za saikedelia isiyorudia kilichotangulia, nayo ikaongoza chati ya Marekani. Tofauti ni kwamba ile ilikuwa albamu yake ya saba. Alikuwa amewazoesha mashabiki kwa miaka saba kwamba kila mara atawageuka, na waliobaki walikuwa wamekubali masharti hayo. D'Arby aliwadai wasikilizaji imani hiyo hiyo wakati walikuwa wanamjua kwa albamu moja na mahojiano mengi.

Je, albamu hii ilimmaliza?

Kibiashara, hapana, angalau si mara moja. Mwaka 1993 alirudi na Symphony or Damn, iliyofika nafasi ya 4 Uingereza na kutoa singo nne zilizoingia 20 bora nchini humo, ikiwemo "Delicate" aliyoimba na Des'ree. Vibrator ya 1995 ilifika nafasi ya 11. Marekani, kwa upande mwingine, hakuwahi kurudi alipokuwa mwaka 1988, na huko ndiko hadithi ya "msanii aliyejiangamiza kwa albamu moja" ilikoota mizizi.

Kibinafsi, yeye mwenyewe ameieleza kwa maneno mazito zaidi. Amewahi kusema katika mahojiano kwamba aliuawa akiwa na umri wa miaka 27 na hivyo kiroho alijiunga na wanamuziki maarufu waliokufa katika umri huo. Alitimiza miaka 27 Machi 1989, na albamu ikatoka miezi saba baadaye.

## Maswali ya pembeni

Je, jina jipya lina uhusiano na albamu hii?

Uhusiano upo, ingawa si wa moja kwa moja. Ameeleza kwamba jina Sananda Maitreya lilimjia katika ndoto kuanzia mwaka 1995, na kwamba Terence Trent D'Arby alikuwa amekufa baada ya mateso marefu. Ukiunganisha kauli hiyo na ile ya umri wa miaka 27, unaona kwamba kwake mateso yalianza na mapokezi ya mwaka 1989. Tangu alipohamia Milano, Italia, ametoa albamu nyingi kwa uhuru, nje ya kampuni kubwa, akipiga karibu kila ala mwenyewe. Kwa maneno mengine, utaratibu wa kazi aliouanzisha katika albamu ya pili ndio aliouchagua kuishi nao.

Nimeona albamu ya The Touch. Basi hii si ya tatu?

Inategemea unahesabu nini. Mwaka 1984, akiwa bado Ujerumani, The Touch walitoa albamu iliyoitwa Love on Time, na mwaka 1989 nyimbo hizo zikatolewa upya kwa jina la Early Works, safari hii jina la D'Arby likiwa limetangulizwa. Hiyo ni kazi ya bendi, na yeye alikuwa mwimbaji wake, kwa hiyo hesabu ya kawaida inaanza na mwaka 1987 na kuifanya Neither Fish Nor Flesh kuwa ya pili. Jambo la kuzingatia ni kwamba mnunuzi wa mwaka 1989 angeweza kukuta dukani santuri mbili zenye jina la D'Arby, moja ya funk ya ujana na nyingine ya tafakari, na akachanganyikiwa kihalali.

Nianze na wimbo upi?

Usianze na wa kwanza, kwa sababu zilizotajwa katika swali la wanaoizima mapema. Anza na "This Side of Love", kisha "Roly Poly" na "Attracted to You", ili masikio yajue kwamba mwanafunk unayemtafuta yupo. Fuata na "To Know Someone Deeply Is to Know Someone Softly" wakati wa usiku, halafu "Billy Don't Fall" ukiwa na nafasi ya kusikiliza maneno. Baada ya hapo rudi mwanzo na usikilize vipande vyote 12 kwa mpangilio wake, hasa wa pili, kwa sauti ya juu kiasi cha kutosha kuzihisi ngoma zinapoingia.

Siioni kwenye programu yangu ya muziki. Imeondolewa?

Tafuta kwa majina yote mawili, kwa kuwa baadhi ya majukwaa yamezipanga kazi zake za zamani chini ya Sananda Maitreya. Ukipendelea santuri au CD, nakala za mwaka 1989 hutafutwa kwa jina la zamani, na usichukue Early Works kwa kudhani ndiyo hii.